Mpe Farasi Wako Makazi: Vidokezo vya Kutumia Mashimo ya Mpinzani

Kila mcheza sataranji anaijua hali hii. Hatua za ufunguzi ulizokariri zimekwisha, kete ziko sawa kwa sawa, hakuna cha kula wala cha kutishia, na saa inazidi kwenda. Wengi hapo husogeza askari wa pembeni ili zamu ipite, au huanzisha mashambulizi yasiyo na jeshi nyuma yake. Kumbe kazi ipo: kuna mraba umebaki bila mlinzi, na mmoja kati ya farasi na maaskofu wako anafaa kuwa pale.

Vidokezo hivi ni vya mchezaji anayejua kanuni na anayesoma miraba kwa herufi na namba, ila bado anapoteza michezo iliyokuwa sawa bila kujua ilimtoka wapi. Weka ubao karibu. Mifano yote ni ya michezo iliyochezwa kweli, na ukitafuta majina na mwaka utaipata hatua kwa hatua kwenye intaneti.

1. Lijue shimo kabla hujalitafuta

Shimo ni mraba ambao askari wa mpinzani hawawezi tena kuulinda. Askari harudi nyuma; akishavuka, miraba aliyokuwa akiilinda ameiacha moja kwa moja. Tazama Ulinzi wa Sisilia. Nyeusi imeshambadilisha askari wake wa c kwa askari wa d wa nyeupe, halafu inampeleka askari wa e mpaka e5. Mraba wa d5 ungelindwa na nani? Ni askari wa c au wa e tu. Mmoja hayupo, mwingine ameshapita. Hilo ni shimo, katikati kabisa ya ubao.

Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia kutambuliwa rasmi mwaka 1886, ndiye aliyewafundisha watu kuyahesabu mashimo haya badala ya kuhesabu kete peke yake. Lakini jambo moja lipigie mstari mwekundu: si kila shimo lina faida. Shimo la pembeni, mbali na mfalme na mbali na mahali penye vita, linaweza kukaa wazi mpaka mchezo uishe lisimsumbue mtu. Lenye thamani ni lile ambalo kete yako inaweza kulifikia, na ikishafika hapo ina kitu cha kufanya.

2. Hesabu walinzi, kisha waondoe mmoja mmoja

Hapa ndipo wachezaji wengi hukwama. Wanaliona shimo, wanamrusha farasi pale kwa furaha, mpinzani anamla kwa farasi wake, wanabadilishana, na shimo limekwisha faida yake. Askari hawawezi kulilinda, sawa, ila kete nyingine bado zinaweza. Kabla hujaingia, uliza: nani bado anaugusa mraba huu?

Hakuna mchezo unaoonyesha jambo hili vizuri kama wa Vasily Smyslov dhidi ya Rudakovsky, Moscow, 1945. Smyslov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1957, alikuwa na nyeupe. Baada ya askari wa nyeusi kufika e5, d5 likawa shimo, lakini lilikuwa na walinzi wawili: askofu wa e6 na farasi wa f6. Fuata alivyowashughulikia.

Hatua ya 13, askari wa f alisogea mpaka f5 na kumfukuza askofu wa e6. Askofu akakimbilia c4. Hatua ya 14, Smyslov akamla pale kwa askofu wake mwenyewe, malkia mweusi akalipiza. Mlinzi wa kwanza huyo kaenda. Hatua ya 15, askofu wa pili wa Smyslov akaenda g5 kumkabili farasi wa f6. Hatua ya 16 akamla, naye askofu mweusi wa e7 akalipiza kwa kuja f6. Mlinzi wa pili kaenda. Hatua ya 17, farasi akatua d5, na safari hii hakuna farasi wala askofu wa kumgusa.

Sasa tazama kilichobaki upande wa nyeusi: askofu mmoja anayetembea kwenye miraba ya giza. Mraba wa d5 ni wa mwanga. Askofu yule hata akiishi miaka mia hatamfikia farasi. Na juu ya hilo, askari wake wawili wa d6 na e5 wamesimama kwenye rangi yake hiyohiyo, wanamzibia njia. Smyslov alitoa maaskofu wake wote wawili ili apate hali hii, na hakujuta hata kidogo: akatulia kwa hatua mbili ndogo za askari upande wa malkia, akaipeleka ngome f3, akasukuma askari mpaka f6 kuvunja boma la mfalme, na mchezo ukaisha hatua ya 28.

Ukiwa na muda wa kujifunza mchezo mmoja tu mwezi huu, uwe huo.

3. Ukishamweka farasi, mwache akae. Kazi wape wengine

Robert Fischer alitumia mapishi hayohayo dhidi ya Julio Bolbochán wa Argentina, Stockholm, 1962, katika mashindano ambayo Fischer aliyashinda kwa kuwaacha waliomfuata pointi mbili na nusu. Hatua ya 17 alileta askofu h3 ili wabadilishane maaskofu wa miraba ya mwanga. Farasi mweusi akaja b6, mahali anapoigusa d5 na kuitazama c4. Fischer hakumpa nafasi: hatua ya 19 akamla kwa askofu wake wa mwisho. Hatua ya 20, farasi d5.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Farasi alikaa pale mpaka hatua ya 29 bila kusogea. Wakati huo ngome iliyokuwa h3 ilitembea kwa upana wa ubao mzima mpaka a3, ikamtishia askari wa a6, ikaenda c3, halafu ikaingia c7. Nyeusi haikuweza kuizuia kwa sababu farasi wa katikati alikuwa ameigawa kambi yake vipande viwili. Wachezaji wengi wa ngazi yetu wakishamweka farasi d5 huanza kumtafutia pa kuruka, hatua mbili baadaye ameshaondoka. Usifanye hivyo. Fischer alimtoa pale alipokwisha kuwa na ngome c7 na sababu ya moja kwa moja: kuruka f4 kumpiga malkia wa e6. Bolbochán alisalimu amri hatua ya 37.

4. Angalia rangi ya askari waliofungwa

Askofu mbaya ni yule ambaye askari wake mwenyewe wamesimama kwenye miraba ya rangi yake na hawawezi kusogea. Neno la kushika ni "hawawezi kusogea". Askari wanaotembea si tatizo, kesho watahama. Walioziba katikati ndio wanaomfunga.

Mfano wa kila siku ni Ulinzi wa Kifaransa: askari weusi wako e6 na d5, wote kwenye miraba ya mwanga, na askofu wa c8 anakaa nyuma yao akisubiri siku ya kufunguliwa. Ukicheza dhidi yake, usiwe na haraka ya kumbadilisha askofu huyo. Mwache. Badilisha huyo mwingine, mzima. Na ukiona askari wa mpinzani wanaelekea kwenye rangi ya askofu wake, wafunge hapohapo kwa askari wako kabla hajashtuka.

Kama askofu mbaya ni wako, njia ni tatu: mtoe nje ya ukuta wa askari mapema, mbadilishe, au wahamishie askari wako kwenye rangi nyingine. Kumwacha nyumbani ukitumaini mambo yatajipa si njia ya nne.

5. Usimpende farasi wako kupita kiasi

Baada ya kusoma vidokezo vitatu vya kwanza utatamani kila farasi aliyekaa vizuri abaki hapo daima. Basi tazama mchezo wa 7 kati ya Fischer na Tigran Petrosian, Buenos Aires, 1971, fainali ya kumtafuta wa kupambana na bingwa wa dunia wa wakati ule, Boris Spassky.

Fischer alikuwa na farasi c5, mahali pa kupigia picha. Anamtazama askari wa a6, hakuna askari wa kumfukuza, amekaa kama mwenye nyumba. Mbele yake, d7, alikuwapo askofu wa Petrosian, kete iliyoonekana ya hovyo, imejikunyata nyuma ya askari wake. Mwanafunzi yeyote angesema: farasi mzuri, askofu mbaya, usiwabadilishe. Hatua ya 22, Fischer akamla askofu yule kwa farasi wake.

Kwa nini? Kwa sababu askofu huyo "mbaya" ndiye aliyekuwa akiiunganisha kambi yake. Alikuwa njiani kuelekea b5 ili abadilishane na askofu mzuri wa Fischer wa d3. Alipoondoka, mstari wa c ukawa mali ya nyeupe. Ngome ikaenda c1, kisha c7. Askari weusi wa a6 na d5 walibaki kila mmoja peke yake bila jirani, na askofu wa d3 akawa na nguvu kuliko farasi wa nyeusi ambaye hakuwa na pa kusimama. Baadaye ngome ya pili nayo ikaingia e7. Hatua ya 34 Petrosian alisalimu amri. Fischer akaibuka mshindi wa fainali ile kwa pointi 6.5 dhidi ya 2.5.

Kwa hiyo kabla ya kubadilishana, usiulize tu kete ipi ni nzuri leo. Uliza ubaoni kutabaki nini zikishaondoka zote mbili. Nadhani swali hili moja lina manufaa kuliko orodha nzima ya kanuni za askofu na farasi, pamoja na hii unayoisoma.

6. Farasi mmoja ndani ya kambi ya adui anaweza kufunga jeshi zima

Moscow, 1985, mchezo wa 16 wa kugombea ubingwa wa dunia. Anatoly Karpov, bingwa, ana nyeupe. Garry Kasparov ana nyeusi na amemtoa askari mmoja sadaka kwenye ufunguzi. Hatua ya 16, farasi mweusi anaingia d3. Wachambuzi walimpa jina la pweza, na ukiweka kete ubaoni utaona kwa nini: mikono minane imeenea b2, b4, c1, c5, e1, e5, f2 na f4. Ngome za Karpov zinahitaji c1 na e1 ili zifanye kazi yoyote. Zote mbili ziko mikononi mwa pweza. Nyuma yake, askofu wa f5 anamshikilia asing'olewe.

Kisha Kasparov akamsogeza askari mpaka b4. Hatua hii haipewi sifa inayostahili. Farasi mmoja wa Karpov alilazimika kwenda a4, pembeni kabisa. Mwingine alikuwa b1, na sasa a3 na c3 zinalindwa na askari wa b4, huku d2 ameikalia malkia wake mwenyewe. Farasi wawili wa bingwa wa dunia, na hakuna hata mmoja mwenye kazi. Kasparov alishinda kwa hatua 40, na mwisho wa pambano lile akawa bingwa akiwa na miaka 22.

Lakini usiige ufunguzi ule. Mwaka uliofuata Karpov mwenyewe aliupatia dawa, na wakubwa wakauacha.

7. Mnyime farasi pa kusimama, naye askofu atang'aa

Hili ni somo la Steinitz. Mwaka 1883 London, dhidi ya Englisch, alikuwa na maaskofu wawili na akaanza kusogeza askari mmoja baada ya mwingine kwa lengo moja tu: kumwondolea farasi wa mpinzani kila mraba wenye maana. Farasi asiye na kituo mbele hurudi nyuma, na akirudi nyuma mishazari inafunguka.

Kuna umbo moja dogo la kukariri. Farasi akiwa ukingoni, tuseme a5, na askofu wako akiwa d5, miraba mitatu kutoka kwake kwenye mstari uleule, farasi huyo amefungwa. Anaweza kuruka b3, b7, c4 na c6 tu, na askofu anazigusa zote nne. Mwongeze mfalme wako na unaweza kwenda kumchukua kwa miguu.

8. Askari wako upande gani?

Kwa ufupi. Askari wakiwa pande zote mbili za ubao na katikati pakiwa wazi, mchukue askofu, maana anafika kote kwa hatua moja. Wote wakiwa upande mmoja, mara nyingi farasi ndiye bora, kwa kuwa anabadilisha rangi kila anaporuka na hakuna mraba uliofungwa kwake.

Na angalizo moja la mwishoni mwa mchezo: askofu na askari wa pembeni mmoja, kama wa h, hawashindi ikiwa mfalme wa mpinzani amefika kwenye kona anakoelekea askari huyo na askofu wako si wa rangi ya mraba wa kona hiyo. Kwa askari mweupe wa h unahitaji askofu wa miraba ya giza. Fikiria hili kabla hujachagua askofu yupi wa kubaki naye.

9. Mraba mmoja unaweza kuzidi ngome

Petrosian alionja machungu kwa Fischer, lakini kwenye kutoa ngome kwa kete ndogo hakuwa na mwalimu. Zurich, 1953, dhidi ya Samuel Reshevsky, alikuwa amebanwa na nyeupe ina askari wenye nguvu d4 na e5. Farasi wa Petrosian alikuwa c6 na alitamani kufika d5, mbele ya askari wa d4, ila njia yake ilipita e7 na hapo pana ngome yake mwenyewe. Hatua ya 25 akaipeleka ngome e6, mahali ambapo askofu wa Reshevsky anaweza kuila.

Farasi akapita e7, kisha Reshevsky akaila ngome. Farasi akatua d5, na askari wa katikati wakasimama kabisa. Pamoja na hasara ya ngome kwa askofu, nyeusi haikuwa tena na wasiwasi. Walikubaliana sare hatua ya 41.

Mbinu hii haitaki ushujaa, inataka hesabu: mpinzani wako ana mstari wazi wa kuitumia ngome yake ya ziada? Kama hana, na farasi wako atakaa bila kufukuzwa, toa.

10. Kama shimo ni lako, mwache adui alizibe mwenyewe

Wacheza Sisilia wa leo wanaitoa d5 kwa makusudi. Katika mfumo wa Sveshnikov, nyeusi inapeleka askari e5 mapema kabisa, ikijua shimo litabaki pale, kwa sababu inapata kete zenye uhai. Silaha yao moja ni hii: farasi mweupe akitua d5, wanamla kwa farasi wao haraka, wakati nyeupe haina kete ya kulipizia ila askari wa e4. Askari huyo akishakula, amekaa yeye juu ya shimo. Hakuna tena kete nyeupe inayoweza kuingia pale.

Pambano la Magnus Carlsen na Fabiano Caruana, London, 2018, lilifika hapo. Carlsen alichagua Sveshnikov kwa nyeusi, na Caruana akaruka d5 hatua ya 7, Carlsen akala, askari wa e akalipiza. Caruana alilijua hilo na alilitaka, maana hali hii ina mgawanyo wake: nyeupe inabaki na askari wengi upande wa malkia, watatu dhidi ya wawili, na nyeusi inabaki na wengi upande wa mfalme. Michezo yote 12 ya pambano lile iliisha sare kabla Carlsen hajashinda ile ya kasi 3–0.

Kwa hiyo ukiwa na nyeupe na d5 inakuita, tazama kwanza utalipiza kwa kete gani. Kama ni kwa farasi wa pili au askofu, ingia. Kama ni kwa askari peke yake, ama subiri uongeze kete moja nyuma, ama kubali kwamba shimo limekwisha na kazi yako sasa iko upande wa malkia, ukianza kuwasogeza askari wa b na c.